Sigara ya kwanza unaiwasha saa ngapi? Maswali yenu kuhusu kupima uraibu

Wiki iliyopita nilitaja dodoso la Fagerström, lile la maswali sita wanaloulizwa wavutaji watu wazima. Ujumbe umekuwa mwingi, na mwingi wake umetoka mialoni. Nimechagua michache na kuifupisha.

Shikamoo daktari. Naendesha bodaboda, kijiwe cha Buzuruga. Nilienda kituo cha afya kwa sababu ya kikohozi, nesi akaniuliza maswali sita ya sigara, akajumlisha, akasema nina 7. Damu hakunitoa. Hiyo 7 ni ya nini?

Marahaba. Ni 7 kati ya 10, na haihusu mapafu yako kabisa. Inaonyesha nikotini, kile kilevi cha tumbaku, imekushika kiasi gani. Kikohozi kina vipimo vyake, na kama kimefikisha wiki mbili, rudi upimwe kifua kikuu bila kungoja.

Dodoso lenyewe limetokana na kazi ya Karl-Olov Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden aliyetoa la kwanza mwaka 1978. Hili fupi tunalotumia ni la 1991. Linauliza baada ya kuamka unakaa muda gani kabla ya kuvuta: ndani ya dakika 5 ni alama 3, hadi nusu saa ni 2, hadi saa nzima ni 1, zaidi ya hapo sifuri. Linauliza pia idadi kwa siku: hadi 10 ni sifuri, 11 hadi 20 ni 1, 21 hadi 30 ni 2, kuanzia 31 ni 3. Manne yaliyobaki yana alama moja moja: je, unapata taabu kujizuia mahali palipokatazwa, kama wodini au ndani ya kivuko cha Kamanga? Sigara ambayo ungeona uchungu zaidi kuiacha ni ile ya kwanza ya asubuhi? Unavuta kwa kufuatanisha zaidi saa za mwanzo baada ya kuamka kuliko baadaye? Na ukiwa mgonjwa wa kulala kitandani karibu siku nzima, bado unavuta?

Alama 0 hadi 2 ni utegemezi mdogo sana, 3 na 4 mdogo, 5 wa kati, 6 na 7 mkubwa, 8 kwenda juu mkubwa sana. Wewe uko kwenye mkubwa. Maana yake ukiacha ghafla bila msaada, arosto itakubana: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, mawazo kutotulia. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo kali zaidi, kisha inapungua kwa wiki kadhaa. Ni vema abiria wako wajue.

Mimi navua dagaa, Igombe. Tunatoka jioni, tunarudi alfajiri, nalala saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Sasa "sigara ya asubuhi" kwangu ni ipi? Asubuhi ndiyo kwanza naizima ya mwisho nikalale.

Swali zuri kuliko yote niliyopata, na wahojaji wengi hawaliwazii. Dodoso lilitungwa kwa watu wanaolala usiku. Lakini kinachotafutwa ni kuamka kwenyewe, jua liwe wapi halihusu.

Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukilala saa sita, inayobaki ni kama sehemu moja kati ya nane ya ile uliyolala nayo. Unaamka mwili unaidai. Aliyeshikwa sana hawezi kulisogeza mbele deni hilo. Anapapasa kiberiti kabla hajanawa uso. Aliyeshikwa kidogo anakunywa chai, anashona wavu, anakumbuka sigara baadaye. Kwa hiyo "asubuhi" yako ni saa tisa alasiri. Pima dakika kuanzia hapo, na "saa za mwanzo" ni kuanzia saa tisa mpaka mnapokwenda kusukuma mtumbwi.

Kuna mitego miwili zaidi. Wa kwanza ni ule usingizi wa mang'amung'amu mnaousinzia majini mkisubiri dagaa wajae kwenye mwanga wa taa. Huo usiuhesabu kama kuamka. Chukua usingizi mrefu. Wa pili ni siku za mbalamwezi, mnapopumzika nchi kavu na kulala usiku kama watu wengine. Usichanganye. Jibu kwa siku zako za kazi za kawaida, na idadi iwe ya saa 24 nzima, pamoja na zile za usiku ziwani ambazo wengi huzisahau kwa sababu wanavuta mikono ikiwa kazini. (Na zile mnazovuta mkijaza petroli kwenye injini, jamani, hizo hazina hata dodoso.)

Nanunua sigara moja moja kwenye genge, Kirumba. Kwa siku hazizidi 8, mara nyingine tunagawana pafu na rafiki. Kaka yangu anamaliza pakiti nzima. Yeye si ndiye mraibu?

Si lazima. Tuchukue wewe unawasha ya kwanza ndani ya dakika 5, na yale maswali manne yote umejibu ndiyo. Hiyo ni 3 na 4, jumla 7, ingawa idadi yako imekupa sifuri. Kaka yako akivuta 20 lakini anaanza baada ya chakula cha mchana, na manne yote ni hapana, ana 1.

Idadi yako huenda inapimwa na mfuko wako, si na hamu yako. Anayenunua moja moja hujifunza kuifaidi: anavuta kwa nguvu, anashikilia moshi, anaifikisha kwenye kichungi. Nikotini anayoipata kwa kila sigara ni nyingi kuliko ya mwenye kuitupa ikiwa nusu. Ndiyo maana mimi nikiwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu, nauliza dakika. Muda ukiruhusu mawili, naongeza idadi. Mawili hayo peke yake ni kipimo kinachokubalika, chenye alama 0 hadi 6.

Mume wangu anasema uongo kuhusu sigara. Naweza kumjazia mimi hayo maswali? Mama wawili, Nansio.

Hapana, mama. Majibu ya maswali mengine yako ndani ya kichwa chake. Akitaka kudanganya atadanganya tu. Kliniki zenye vifaa zinaweza kupima kotinini, yaani mabaki ya nikotini, kwenye mkojo au mate, lakini hiyo inaonyesha kama ametumia nikotini siku za karibuni, haielezi ameshikwaje. Dodoso linafaa kwa anayetaka kujua.

Bibi yangu Magu hatumii sigara, ni ugoro tu. Linamhusu?

Hili la sigara halimhusu, lakini ugoro una nikotini ileile na lipo toleo lililorekebishwa kwa tumbaku isiyo ya moshi. Swali la dakika baada ya kuamka limo humo pia.

Nikishajua alama zangu, zinanisaidia nini dukani?

Zinasaidia kuchagua dozi. Big'ii za nikotini zina miligramu 2 au 4. Kwa kawaida anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka hupewa za 4, anayechelewa hupewa za 2. Duka la mtaani huenda wasiwe nazo. Uliza famasi kubwa za mjini, na mwenye mimba au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kwanza. Usizitafune mfululizo kama za watoto. Tafuna taratibu mpaka usikie ukali, ibane kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha utafune tena. Kahawa na soda viache dakika 15 kabla, maana vinazuia nikotini kupenya mdomoni, na wengi wanaoniambia "hazifanyi kazi" huwa wanazitafuna wakishushia na soda.