Jibu: brashi haifiki nyuma ya mabega ya samurai

Salamu mkuu. Umesema mabamba ya mabega ya sanamu yako ndogo ya samurai (askari wa Japani ya zamani) umeshayagandisha kabla ya kupaka rangi, na sasa brashi haifiki kwenye nyuzi za kwapani, zile zinazounganisha mabamba ya deraya. Angalia kwanza umetumia gundi gani. Kama ni supagluu, laza sanamu kwenye friza usiku kucha, kisha tikisa bamba taratibu. Mara nyingi linaachia. Plastiki iliyounganishwa kwa gundi inayoyeyusha plastiki yenyewe haitoki, usiivunje bure.

Mimi mabega, kofia na panga huwa navipaka rangi kando, kila kimoja juu ya kipande cha waya. Nyuzi naanza na rangi iliyokoza, halafu napitisha mstari mwembamba wa rangi angavu. Kazi ya macho hiyo! Mabamba yapake vanishi ya kung'aa, maana ya kweli yalipakwa laka, rangi ngumu ya kung'aa. Nyuzi za kweli kwa kawaida zilikuwa za hariri, kwa hiyo ziache bila mng'ao. Ukitaka askari wa Ii Naomasa, jemadari wa Japani ambaye askari wake walivaa nyekundu, deraya nzima iwe nyekundu.