Kamera ndogo na ukungu wa nyuma ya picha: hesabu tundu la lenzi kwanza

Mkuu, umesema kamera yako ya mfukoni inatoa picha ambazo uso wa mtu na ukuta wa nyuma vyote vinaonekana wazi sawasawa, ilhali unataka nyuma iwe na ukungu, na kwamba umejaribu alama ya uso kwenye menyu bila mafanikio. Ile alama, kwenye kamera nyingi za aina hii, inalainisha ngozi na kugusa rangi tu. Ukungu unatokana na upana wa tundu la lenzi, na upana huo unaweza kuupiga hesabu mwenyewe.

Tuchukue Canon IXUS 185. Lenzi yake ni milimita 5 hadi 40 (urefu wa fokasi, unaoongezeka ukivuta zumu), f/3.2 hadi f/6.9 (hizi ndizo namba za f). Gawa milimita kwa namba ya f. Bila zumu: 5 kwa 3.2, unapata tundu la milimita 1.6. Zumu ikifika mwisho: 40 kwa 6.9, unapata milimita 5.8. Namba ya f imepanda, lakini tundu limepanuka karibu mara nne. Ndiyo maana ule ushauri wa "tumia f ndogo" unawapoteza wenye kamera hizi: wanaacha zumu ili wabaki na f/3.2, kumbe wanajinyima ukungu. Wewe vuta zumu yote. Zumu ya dijitali izime, maana inakata picha tu na tundu halibadiliki.

Sasa upana huo unakupa nini? Nukta ya mwanga iliyo mbali sana nyuma itageuka duara lenye upana wa tundu lile lile, ukilipima kwa rula iliyoshikwa kando ya unachokipiga. Kwa hiyo kwenye picha ya waridi lililojaza fremu ya sentimita 15, duara la milimita 5.8 ni kubwa, majani yaliyo mbali nyuma yanayeyuka. Kwenye picha ya mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, milimita 5.8 si kitu. Usihangaike nayo, kamera hii haitaweza.

Picha ya kichwa na mabega inawezekana, ila umbali wa nyuma uwe mkubwa. Simama mita 3 kutoka kwa mtu. Akiwa nusu mita mbele ya ukuta, duara la ukungu linakuwa sehemu moja tu ya saba ya upana wa tundu, halifiki milimita 1. Msogeze mpaka ukuta uwe mita 9 nyuma yake, unapata robo tatu, yaani milimita 4 na kidogo. Kamera ni ile ile na zumu ni ile ile. Mweke ukingoni mwa uwanja wa mpira, uwanja wote ubaki nyuma yake, utaona tofauti.

Gharama yake ni mwanga. Kwenye f/6.9 unapata kama moja ya tano ya mwanga wa f/3.2. Kamera itapandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), picha ijae chembechembe, au itapunguza kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) na mkono utikise picha. Lenga 1/200 ya sekunde au zaidi: piga nje, asubuhi au kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, viwiko vikiwa vimebana mbavuni. Ukiweka kamera juu ya kitu imara, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Kosa linaloharibu picha nyingi za maua ni fokasi kurukia nyuma. Weka fokasi ya katikati, bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku cha kijani. Kikikataa, umekaribia mno, maana zumu ikiwa mwisho kamera hizi kwa kawaida hazioni kitu kilicho karibu sana. Rudi nyuma hatua moja.

Chagua pia cha kuwekwa ukungu. Matawi makavu mbele ya anga jeupe yanabaki vurugu hata yakififia. Kivuli cha mwembe kinayeyuka vizuri.

Ukitaka kununua nyingine, usivutwe na f/1.8 iliyoandikwa kwenye boksi. Sony RX100 III bila zumu ina milimita 8.8 kwa f/1.8, tundu la 4.9, pungufu ya IXUS iliyovutwa! Ubora wake unaonekana ukivuta: 25.7 kwa f/2.8 ni milimita 9. Lenzi ya milimita 50 f/1.8 kwenye kamera kubwa inafika karibu 28.

Ukiamua kutia ukungu kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, usifanye nakala na kuififisha yote, kwani rangi ya mtu itamwagika kumzunguka kama mwangaza. Mbakize mtu kwenye leya (tabaka) ya juu, mfute kwanza kwenye leya ya chini, ziba pengo kwa rangi za jirani, ndipo ufifishe. Na ardhi iliyo miguuni pake iache wazi, ukungu uanze taratibu kuelekea nyuma.