Chemba tatu za kutenga oili na maji ya kuoshea magari

SWALI: Nina gereji ndogo yenye sehemu ya kuoshea magari, mashine mbili. Maji yenye oili yanaishia mtaroni na majirani wanalalamika. Nimeshauriwa kununua mtambo wa umeme. Hakuna njia isiyotaka kuangaliwa kila siku? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ipo. Oili ni nyepesi kuliko maji. Maji yakitulia, inapanda yenyewe. Tuseme kila mashine inatoa lita 12 kwa dakika, yaani 24 kwa zote mbili. Jenga chemba tatu za tofali zilizopigwa plasta ya saruji, upana sentimita 80, kina cha maji mita 1. Ya kwanza, ya mchanga, iwe na urefu wa mita 1. Ya kati mita 2. Ya mwisho sentimita 60. Hiyo ya kati inabeba lita 1,600, kwa hiyo maji yanakaa humo zaidi ya saa nzima.

Ukuta wa kwanza uishie sentimita 15 chini ya usawa wa maji, ili oili ipite juu na mchanga ubaki. Ukuta wa pili uzibe kabisa, upitishe bomba la inchi 4 lenye kiungo cha T upande wa chemba ya kati. Mguu wa chini uzame sentimita 60. Mdomo wa juu uache wazi, juu ya maji. Mafundi wengi huweka kiwiko badala ya T. Bomba likijaa, linafyonza maji hadi oili nayo inafuata. Bomba la kutokea nalo liwekewe T hivyo hivyo.

Kabla ya kuosha gari la kwanza, jaza chemba zote maji safi. Tafadhali usiliruke hili: chemba ikiwa tupu, oili itapita chini ya T moja kwa moja. Maji ya mvua ya paa yasiingie humo kabisa.

Kila wiki chovya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ziba juu kwa kidole gumba, uinue. Utaona oili nyeusi imekaa juu ya maji. Ikifika sentimita 5, ichote kwa kopo, uiweke kwenye pipa lenye mfuniko umpe mnunuzi wa oili chafu. Mchanga utoe ukifika sentimita 30.

Kwenye chemba ya mwisho weka sufi, ile ya mito, ielee juu ya maji ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu. Sufi hunywa oili na kukataa maji. Ukiwa mweusi na mzito, badilisha. Uliotolewa uhifadhi kwenye debe la bati lenye mfuniko, mbali na moto.

SWALI: Chemba ninazo, lakini maji yanatoka meupe kama maziwa. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni sabuni. Imeivunja oili kuwa chembe ndogo mno, hazipandi hata ukizisubiri kutwa. Injini na vyuma vyenye grisi vifute kwanza kwa matambara au pumba za mbao, halafu sabuni kidogo. Na kama una pampu inayosukuma maji kuingia chemba, ihamishie upande wa kutokea, maana panga zake zinaikoroga oili vilevile.