Kishikizo cha Penseli Mfukoni

SWALI: Mhariri, mimi ni seremala wa Mikindani. Kila ninapoinama kupima ubao, penseli huchomoka mfukoni, na ncha zake zimekwisha kutoboa mashati mawili. Nitengeneze vipi kishikizo cha kubana kwenye ukingo wa mfuko?

JIBU: Ndugu yetu, anza na kibanio, kwa kuwa ndicho kinachobeba kazi yote. Bati likikunjwa hulegea upesi. Tafuta bamba jembamba la chuma kinachonepa na kurudi, cha aina isiyoshika kutu, kwani upepo wa chumvi wa hapo pwani hula chuma cha kawaida na kukiachia kitambaa madoa. Mdomo wake upinde kidogo kuelekea nje ili usichane nyuzi, na ukifunge kwenye ala ya penseli kwa ribiti mbili, maana kikishikwa na moja huzunguka.

Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo ala ya ngozi yenye upenyo wa milimita 8, iliyozibwa chini, inaifaa. Ndani yake gundisha ukanda mwembamba wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ambao ndio utakaoizuia penseli unapoinama. Penseli bapa ya useremala ishonee ala yake.