Muulize Mjomba: Siku ya mapumziko inayochosha kuliko kazi

SWALI: Mjomba, shikamoo. Napumzika siku moja tu kwa wiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo huandika orodha: kulipa bili ya umeme, kupeleka viatu kwa fundi, kununua betri za saa ya ukutani, kufua, kuziba pancha ya baiskeli yangu ambayo imelala tangu mwezi uliopita, kumalizia riwaya niliyoianza. Naanza na vile vya haraka ili nibaki na muda wa kustarehe. Jioni hunikuta hoi, pancha haijazibwa, na riwaya hata sijui nimeiweka wapi. Nakosea wapi?
– Mchovu wa Mapumziko

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Unakosea kwenye hilo la kuanza na "vile vya haraka ili nibaki na muda". Havibakishi kitu. Mwaka 1955 Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliotengewa. Alitoa mfano wa bibi mmoja asiye na shughuli anayetaka kumpelekea mpwa wake kadi: saa nzima inaishia katika kuitafuta kadi, saa nyingine katika kutafuta miwani, nusu saa anasaka anwani, na bado ana dakika 20 za kuamua kama atoke na mwavuli au auache. Mtu mwenye haraka, alisema Parkinson, kazi hiyohiyo angeimaliza kwa dakika 3. Alikuwa akiwacheka watumishi wa serikali, lakini nikiisoma orodha yako namwona yule bibi amekaa katikati yake.

Orodha yenyewe imechanganya mambo ya aina mbili. Bili, viatu na betri ni mambo ya kutumwa, hata kama aliyekutuma ni wewe mwenyewe. Haya yanakubali kubanwa. Yape saa mbili, yatamalizika kwa saa mbili. Yape kutwa, yatakula kutwa. Baiskeli na riwaya hayakubali kubanwa, na ndiyo maana kila wiki yanaahirishwa. Basi geuza mpangilio. Chagua jambo moja la mikono au la moyo, ulitengee ile sehemu ya siku ambayo akili yako iko macho zaidi, na hayo ya kutumwa uyasukume pembeni. Tazama tu milango inafungwa saa ngapi. Ofisi ikifungwa mchana, nenda asubuhi, ila uende mara moja tu, kwa mzunguko mmoja, mfuko wa viatu mkononi na karatasi za bili zimeshaandaliwa tangu usiku. Kinachomaliza siku ni zile safari za kutoka na kurudi kwa kuwa umesahau kitu mezani.

Sasa tuje kwenye pancha, maana nahisi hiyo ndiyo inayokukera hasa. Toa tyubu, ijaze upepo kiasi, izamishe kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, ufuate mapovu. Ukikuta matundu mawili yamekaa jirani, usitafute mwiba: tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe au ukingo wa barabara kwa sababu ulikuwa unaendesha na upepo mdogo. Ukikuta tundu moja, tia alama, toa upepo, ikaushe vizuri. Sugua kwa msasa eneo lililozidi kiraka kidogo, mpaka ule ung'avu wa mpira upotee. Paka solusheni, tabaka jembamba. Kisha uiache.

Hapo kwenye kuiacha ndipo viraka vingi huharibikia. Mtu mwenye haraka hubandika solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza, kesho yake upepo umeshuka tena na analaumu kiraka. Kile kimiminika lazima kiruke kwanza. Ngoja dakika 5 hivi, mpaka sehemu iliyopakwa ipoteze mng'ao wa majimaji. Usiipulizie kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Halafu bandika, ukibonyeza kuanzia katikati kwenda kwenye kingo. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu pande zote. Kikikwama, mwiba upo hapohapo. Nasema kitambaa kwa kuvipenda vidole vyako.

Zile dakika 5 hakuna anayeweza kuzipunguza, na ndizo zinazokosa nafasi kwenye orodha ya mambo 6. Ukiwa na siku nzuri mbele yako, utazitumia kukaza nati na kusikiliza kama cheni inalia.

Utaniuliza, je, hayo mengine yatakayobaki hayatanisumbua kichwani? Yatakusumbua ukiyaacha yakiwa yanaelea. Mwaka 2011 watafiti wa saikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijafanyika huacha kuivamia akili pale mtu anapolipangia namna mahususi ya kulitimiza, hata kabla hajalitimiza. Kwa hiyo usiandike "betri". Andika "betri, Jumanne nikitoka kazini, duka la njiani". Hadi hiyo Jumanne, saa ya ukutani na isimame. Simu unayo.

SWALI: Mjomba, mimi siku yangu ya mapumziko ni ya kanda. Nina sanduku zima na redio kaseti ya zamani, nasikiliza zilezile nilizosikiliza ujanani. Mke wangu anasema nimekwama. Mimi kinachoniuma ni sauti, siku hizi inasikika kama mwimbaji kafunikwa blanketi. Kanda zimekufa?
– Mzee wa Kanda

JIBU: Ndugu yangu, usizizike mapema. Sauti ikififia kwa kanda zote, mara nyingi ugonjwa uko kwenye redio, siyo kwenye kanda. Kaseti hii ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na utepe wake hutembea sentimeta 4.76 kwa sekunde. Upande mmoja wa kanda ya saa moja unaburuza karibu meta 86 za utepe juu ya kile kichwa kidogo cha kusomea, na kila unapopita unaacha vumbi la kahawia. Zidisha kwa ujana wako wote.

Zima redio, chomoa waya wa umeme. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti safi isiyo na mafuta wala manukato, usugue uso wa kichwa mpaka pamba itoke nyeupe. Safisha pia kile kijipini cha chuma kinachouvuta utepe. Gurudumu la mpira linalokibana litazame kwa makini: likiwa na uchafu, lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usililoweshe kwa spiriti, mpira hukauka ukapasuka. Gurudumu chafu ndilo linaloifanya redio ikule kanda. Acha kila kitu kikauke ndipo uwashe. Kama bado sauti ni nzito, kichwa kimekaa upande, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye bisibisi ndogo na subira kubwa.

Kanda iliyolala miaka mingi, izungushe mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo kabla ya kuipiga, ili utepe ulegee kwenye vigurudumu vyake. Zile za dakika 120 zionee huruma, utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60 au 90 na hukwama upesi. Na kama vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda bado vipo, vivunje leo. Vikiwepo kanda hurekodika upya: mjukuu mmoja akibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, umepoteza wimbo.

Kuhusu kukwama, mwambie shemeji kwamba jambo hilo limeshachunguzwa. Mwaka 2012 Cristel Russell na Sidney Levy walichapisha utafiti wa mahojiano na watu wanaorudia vitabu, filamu na mahali walipowahi kwenda. Waliona kwamba watu hawa hawarudii kwa kukumbuka ya kale tu. Wengi hukipima kile cha zamani na umri walio nao sasa, na kugundua wao wenyewe wamesogea kiasi gani. Nadhani lakini shemeji halalamikii kanda. Analalamikia siku nzima ya kanda. Mwachie achague upande wa pili.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Siku zangu za mapumziko nashona. Marafiki wameona magauni yangu, wanasema najipotezea pesa, nianze kuuza. Nisikilize nani?
– Binti wa Cherehani

JIBU: Marahaba, binti. Kwanza sikiliza jaribio la Edward Deci la mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mafumbo ya kupanga vipande, wakayafurahia. Kundi moja akalilipa kwa kila fumbo lililofumbuliwa, kisha malipo yakakoma. Kundi hilo likapunguza muda wa kuyachezea mafumbo wakati wa mapumziko, tofauti na wenzao ambao hawakulipwa kitu. Sisemi usiuze, pesa ni pesa, na kama unazihitaji hili si swali hata kidogo. Lakini kama huzihitaji, wateja wasiingie kwenye siku hii. Watengee jioni nyingine, uwaambie tangu mwanzo kwamba gauni la harusi ya keshokutwa hulishoni. Na hao marafiki wanaokusukuma uuze, waulize nani kati yao ataweka oda ya kwanza kwa bei kamili.