Kutoka Wali wa Nazi hadi Ndizi za Bukoba: Ushauri kwa Wawili Wanaosafiri Ili Wale

Anayetaka kuijua Tanzania kwa mdomo asianze na orodha ya mikahawa. Aanze kwa kuuliza watu wa kila mkoa hushibia nini. Kuku wa kukaanga, chipsi na mishkaki utavikuta popote basi linaposimama, na ukivifuata hivyo utavuka nchi nzima huku ukila sahani ileile. Kinachobadilika kweli ni chakula kikuu, na kinabadilika kwa sababu zinazoeleweka: mvua, udongo, ziwa, bahari na biashara ya zamani. Kwa kufuata wazo hilo, mimi na rafiki yangu tulitoka Unguja tukaenda Dar es Salaam, Dodoma, Singida na Mwanza, na mwisho tukavuka ziwa hadi Bukoba.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuhusu mwenza wa safari. Chagua mtu aliyekulia jiko tofauti na lako. Mwenzangu ni Mzanzibari ambaye kwake mlo bila nazi umekosa kitu, nami nimekulia Moshi kwenye ndizi, kwa hiyo kila tulipokaa mezani mmoja wetu alikuwa mgeni zaidi ya mwingine, na maswali ya mgeni ndiyo yaliyowafanya wapishi waeleze mambo ambayo mimi nisingefikiria kuyauliza. Lakini tofauti hizo zinahitaji makubaliano kabla ya kuondoka. Yeye ni Mwislamu na mimi si Mwislamu. Huko bara kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huuzwa waziwazi katika baa nyingi, na mara nyingine jiko huwa moja. Tulikubaliana kwamba pale ambapo mchinjaji hajulikani tutakula samaki, maharage au mboga za majani, na kwamba hakuna atakayemshawishi mwenzake aonje kidogo tu. Tukaweka pia mfuko mmoja wa fedha ya chakula, na kila mlo tukaagiza sahani mbili tofauti za kugawana. Wawili wanaoagiza kitu kimoja wamepoteza nusu ya faida ya kuwa wawili.

Unguja wageni wengi huelekezwa Forodhani baada ya magharibi, na si vibaya, kwani pweza wa kuchoma na mkate wa kumimina vipo. Hata hivyo mwenzangu alisisitiza kwamba urojo unywewe alasiri, mitaani, kwa muuzaji ambaye wateja wake ni majirani. Ni uji mwepesi wa unga wa ngano wenye manjano na ukali wa embe bichi au ndimu, ndani yake mna bhajia, kachori, viazi na chatne ya nazi, na juu hunyunyizwa chipsi za muhogo. Katika bakuli hilo moja unaona Bara Hindi na Pwani ya Afrika vikikutana, sawasawa na unavyoiona Omani katika haluwa inayoliwa pamoja na kahawa chungu. Mkiwa huko mwezi wa Ramadhani, msile hadharani mchana. Subirini futari, ambayo kwa mihogo, magimbi na ndizi mbivu za nazi ni karamu inayostahili kungojewa.

Dar es Salaam sitaikalia sana, kwa kuwa huko kila mkoa una jiko lake. Mnaweza kunywa supu na chapati kwa mama lishe asubuhi mapema, kabla supu nzito haijaisha, kisha mkaendelea na safari.

Dodoma ndipo hoja yangu inapoonekana vizuri zaidi. Siku hizi treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hukufikisha huko kwa saa chache, na ukitazama dirishani baada ya Morogoro unaona ardhi ikikauka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na kwa kawaida mvua hiyo haifiki milimita 700 kwa mwaka. Mahindi hayana uhakika katika hali hiyo, ndiyo maana Wagogo walishikilia uwele na mtama. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na ladha nzito ya nafaka. Huliwa kwa mlenda, ambao majani yake hukaushwa na kusagwa ili yapatikane hata kiangazi. Msiutafute katika hoteli za wageni. Ulizeni sokoni ni mama lishe yupi anayeupika, na mkiweza agizeni siku moja kabla. Mwenzangu aliuona mlenda ukivutika kutoka kwenye tonge akasita, kisha akala mpaka akaomba kuongezewa. Mimi, nikiri wazi, napenda ugali huo kuliko mlenda wenyewe.

Kutoka hapo tulipanda basi. Tahadharini na vituo vya chakula vya mabasi: muda ni mfupi, bei imepanda, na chakula ni kilekile. Nunueni ndizi na karanga, mhifadhi njaa yenu kwa ajili ya Singida, ambako kuku wa kienyeji wana sifa ya miaka mingi na alizeti ni zao la nyumbani.

Mwanza kila mtu atawataka mle sato, na mle, ila ulizeni pia habari za sangara. Samaki huyo si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katikati ya karne iliyopita, akawala samaki wengi wa asili, na minofu yake ikawa bidhaa ya kuuzwa Ulaya, huku mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, yakiishia katika masoko ya wenyeji. Sahani ya samaki hapo ina siasa yake. Pia tafuteni michembe na matobolwa ya Wasukuma: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa huchemshwa kwanza. Yote mawili ni akiba ya miezi ya uhaba, na matobolwa hutafunwa vizuri njiani.

Meli ya usiku hukufikisha Bukoba asubuhi, mahali ambapo mvua hukaribia milimita 2000 kwa mwaka na migomba huizunguka nyumba. Nilidhani ndizi ninazijua. Kwetu tunaziponda ziwe mtori. Kule zilitujia nzima, laini, zimepikwa na maharage, na mwenyeji wetu hakuhesabu kuwa tumekula mpaka tulipozila hizo. Mkikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, msiikatae. Ni heshima ya mgeni.

Senene, panzi wanaoliwa huko Bukoba, hupatikana kwa wingi kuanzia Novemba, wanapokamatwa usiku kwa taa kali. Mimi ningepanga safari kwa kuwafuata. Mwenzangu anasema Julai ni bora, kwa kuwa barabara ni kavu na ziwani hakuna mvua za vuli, nasi bado tunabishana.