Sare na Guinea ingetupeleka AFCON?

SWALI: Mhariri habari za kazi, mi niko Newala, hapa kijiweni kuna ubishi hauishi kuhusu ile mechi ya Taifa Stars na Guinea ya Novemba 2024 ya kufuzu AFCON, jamaa yangu anasema hata sare ilikuwa inatosha kwenda Morocco maana Guinea tulishawafunga mechi ya kwanza, mi nikasema haitoshi, tukawekeana kilo 2 za korosho zilizobanguliwa na mpaka leo hataki kutoa. Nani yuko sahihi? Na mbona DR Congo walitufunga nje ndani na bado tukafuzu?

JIBU: Korosho ni zako ndugu yangu, kadai.

Jamaa yako ana kaukweli kidogo ila kakatumia vibaya. Ni kweli CAF, shirikisho la soka Afrika, timu zikilingana pointi wanaangalia kwanza zilipokutana zenyewe, sio magoli ya jumla, lakini si mpaka zilingane? Siku ile tunaingia uwanja wa Mkapa, Dar, kwa mechi ya mwisho ya kundi, Guinea wana pointi 9 sisi 7, chora hapo mchangani: sare inawapa 10, sisi 8. Sasa zile 2-1 tulizowapiga kule Yamoussoukro (mechi yao ya nyumbani waliichezea Ivory Coast) zingeingilia wapi? Ilikuwa ushindi tu. Msuva alipofunga dakika ya 61 mi nilikuwa kibanda umiza hapa Shangani, Mtwara, anayekusanya hela mlangoni kaacha kiti kaja kuruka na sisi, huku nyuma watu wanaingia bure! Ikaisha 1-0, sisi 10 wao 9.

Hao Congo wala hawakutuhusu sana, walimaliza na 12 wakaongoza. Makundi yalikuwa 12 ya timu 4 na wanapita wawili, kasoro kundi la Morocco wenyewe kwa vile walikuwa wenyeji. Usichanganye na Kombe la Dunia 2026, kule Afrika aliyepita moja kwa moja alikuwa kinara wa kundi peke yake, kwa hiyo ungefungwa na Congo nje ndani ungelia.

Kilichotutesa kiukweli ni ile 0-0 na Ethiopia hapo hapo Dar. Tungewafunga, tungeingia siku ya mwisho 9 kwa 9 na Guinea, sare inakuwa 10 kwa 10, zinaangaliwa tulivyokutana, tunapita sisi, na hizo korosho angekula jamaa yako.